Mama, uprofesa tuuache kwanza

Tübingen, Ujerumani

Mama mpendwa,

Hamjambo hapo Umoja? Mimi mzima, ila baridi imeanza kunitafuna vidole. Pesa nilizotuma Jumatatu ni za karo ya Otis. Zikibaki, jaza gesi.

Jumapili uliniuliza tena nitakuwa profesa lini, maana wenzako wa chama cha akina mama wanataka kujua. Nilikwepa. Leo najibu kwa barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Huku kazi ya utafiti ina saa inayohesabu. Kuna sheria ya 2007: chuo kikuu kinaweza kukupa mikataba ya muda kwa miaka 6 kabla hujamaliza uzamivu (PhD), na 6 mingine baadaye. Ikiisha, uwe na nafasi ya kudumu au ufungashe. (Ukizaa unaongezewa. Usianze kufurahi.) Maabara yetu ya bakteria wa tumbo ina profesa mmoja, na sisi kumi na wanne tunamtazama kiti. Mimi nimeshakula minne, na mkataba wangu unaisha Machi.

Wenzangu wameanza kutoka. Yule Mhindi tuliyepiga naye picha tukipika chapati yuko kwenye kampuni inayotafuta dawa ndani ya bakteria wa tumbo. Usicheke: Marekani waliidhinisha dawa ya kwanza iliyotokana na kinyesi cha watu wenye afya mwaka 2022. Mreno anakagua hataza, yaani haki za uvumbuzi, huko Munich. Dada wa Kighana amerudi Kumasi kufundisha. Kila anapoondoka mtu, hapa husemwa "ameacha sayansi" kwa sauti ya matanga, wakati mwenyewe analala kwa muda wa saa nane na ana bima.

Mimi kilichonigeuza ni glavu. Bakteria wengi wa utumbo mpana wakionja hewa hii tunayovuta, wanakufa. Kwa hiyo tunawafuga ndani ya sanduku kubwa la plastiki angavu lililojazwa naitrojeni, kaboni dioksidi na haidrojeni kidogo, na mikono unaipitisha kwenye glavu mbili ndefu zilizofungwa ubavuni. Ni kama kuosha vyombo vya jirani kupitia dirisha lake. Mwezi wa tano glavu ya kushoto ilitoboka, tundu dogo kuliko la sindano. Ule mchuzi tunaowalishia tunautia rangi inayotuonya oksijeni ikiingia. Asubuhi nikakuta chupa zote za waridi, zinapendeza kama sharubati ya harusini. Kazi ya wiki kumi na moja imekufa, Mama. Nilikaa sakafuni.

Nikisubiri kuanza upya, nilijifunza kusoma DNA ya bakteria kwenye kompyuta, mafaili ambayo hayafi usiku. Nikagundua naipenda kuliko sanduku.

Najua chama uliwaambia mimi ni daktari wa tumbo, kwa aibu ya kutaja kinyesi. Basi waambie hivi: mwaka 1869, katika jiko la zamani la ngome iliyo juu ya mtaa wangu, kijana aitwaye Friedrich Miescher alikuwa akiosha usaha kutoka bendeji za hospitali. Humo ndimo alimoipata DNA.

Sasa neno lenyewe. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa bakteria wa tumbo wa wanawake 1,801 kutoka Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini. Wa Kenya walitoka Korogocho na Viwandani, hapo hapo Nairobi. Nilipoona majina hayo nilisoma ukurasa huo mara tatu, nikiwaza wale wanaokuuzia sukuma. Kinyesi cha kwetu kinasomwa, na wanaohitajika kukisoma ni watu wanaojua kompyuta na wanaojua pia kwamba uji wa wimbi huachwa uchachuke kabla ya kunywewa.

Nimeomba kazi hapo Nairobi, ya uchambuzi wa data, mkataba wa miaka miwili. Mshahara ni mdogo kuliko wa huku na cheo hakina neno profesa. Wameniita kwa usaili wa video tarehe 9. Chama usiwaambie bado. Otis mwambie takwimu asiikimbie, hata kama mwalimu wake anachosha.

Na yule mpangaji wa chumba cha nyuma, amelipa hadi mwezi gani? Usimwongezee muda kabla hujaniuliza.

Mwanao,
Achieng