Moshi Umehamia Kwenye Gari Lako

Kimara, Dar es Salaam
14 Julai

Mangi wangu,

Ujumbe wako nimeupata, na ile video nimeirudia mara nne. Mtu yuko Moshi, amesimama uani kwake Moshi, ananirekodia moshi! Ningekupigia simu, lakini wewe ukielezwa jambo kwa simu unasikia bei tu. Soma hii taratibu, ukiwa na kahawa yako.

Kwanza mzuie huyo fundi anayetaka kushusha injini. Ijumaa Forester lako lilikuwa halitoi moshi. Jumamosi ukalifungua mwenyewe, ukabadilisha mpira uliokuwa unavuja, ule wa kurudishia oili kwenye injini kutoka kwenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Jumapili linafuka kama tanuri la mkaa. Injini haizeeki kwa siku mbili, mtani. Mimi ningeanza kutafuta pale mikono yako ilipopita. Na wala sikucheki, maana mwaka juzi mikono ilikuwa yangu.

Langu lilikuwa linadondosha oili juu ya bomba la ekzosi. Kila nikikwama kwenye foleni ya Ubungo harufu inaingia ndani, watoto wanaziba pua. Fundi akataka elfu themanini za ufundi. Mimi Mpare, nikaona hizo hela zina kazi nyingine, nikachukua spana. Mpira wenyewe hauzidi urefu wa kiganja, unatoka chini ya turbo unashuka kwenye hedi (kichwa cha injini) ya kulia, na ule wa kiwandani unakuja na kona yake tayari. Kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, pale Kariakoo, siku ile niliukosa. Nikanunua mpira wa kawaida, ule wa kukatiwa kwa kipimo, nikaacha urefu kidogo "kwa usalama", nikaulazimisha upinde. Klipu nikakaza mpaka roho ikatulia.

Nikawasha. Safi kabisa. Baada ya dakika kama kumi mke wangu akatoka jikoni kuuliza nani anachoma takataka.

Jibu lilikuwa kwenye hizo dakika kumi, ila sikulisikia. Nilihangaika wiki tatu. Nikabadili plagi. Mmoja akaniambia ringi za pistoni zimekwisha, mwingine akanitajia turbo ya mtumba kwa laki tisa, na karibu nimpe. Hakuna aliyeniuliza swali dogo tu: moshi unaanza dakika ngapi tangu uwashe?

Iko hivi. Turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na shafti yake, yaani mhimili wake, inaelea kwenye utando wa oili. Oili hiyo inaingia kwa nguvu ya pampu kupitia kijibomba chembamba, lakini kutoka haisukumwi na kitu. Inashuka yenyewe kwa uzito wake, ndiyo maana mpira wa kurudishia ni mnene. Na sili za shafti, zile za kuzuia oili isivuje, usizifikirie kama zile za mpira unazozijua. Ni pete za chuma, jamaa wa ringi za pistoni, na hazikutengenezwa kuzuia oili iliyotuama. Ukibana njia ya kutokea, oili inajaa, inapenya pembeni mwa pete, inaangukia upande wa ekzosi na kuungua. Mpira wangu ukiwa baridi ulikuwa mgumu, ukabaki wazi. Ukishapata moto ulilainika na kujikunja pale kwenye kona, kama mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa. Muda wote huo turbo ilikuwa nzima.

Turudi kwako. Kwanza hakikisha moshi unatoka mkiani na si chini ya boneti, maana kama ulimwaga oili juu ya ekzosi wakati wa kazi, itafuka siku moja mbili mpaka iishe, na hapo huna ugonjwa wowote. Weka tu kizima moto karibu. Halafu chomoa kijiti cha oili, utazame. Umeandika kwamba ulimimina galoni lote la lita 5. Injini ile inataka lita 4 na kitu! Ikizidi, krenki, ule mhimili mkubwa unaozunguka chini ya injini, inaipiga mpaka inakuwa povu, inapanda kwenye mpira wa kupumulia injini na kwenda kuungua pamoja na petroli. Legeza bolti ya chini ya kumwagia oili, punguza mpaka alama ya juu, bila haraka.

Rangi siioni vizuri kwenye video, jua limekupiga kwa nyuma. Moshi wa bluu unaowasha pua ni oili. Mweupe, mzito, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta. Turbo hiyo inapozwa kwa maji pia, kwa hiyo kama uligusa mipira yake ya maji, angalia hapo kabla hujaanza kuililia gasketi ya hedi. Mvuke mwembamba wa asubuhi unaopotea injini ikipata joto, mwezi huu wa saba na baridi ya mlima wenu, achana nao, hata mdomo wako unautoa. Mweusi ni petroli iliyozidi. Ukiona mweusi, gari limekuwa zito, na ukikanyaga unasikia pumzi inavuja, basi kuna mpira wa hewa haukukaa sawa kati ya turbo na interkula, ile rejeta ya kupoza hewa. Kompyuta imeshahesabu hewa yote iliyoingia na inamwaga petroli ya kutosha hewa hiyo, kumbe sehemu yake imetorokea njiani.

Nadhani lako ni bluu. Basi nifanyie jambo moja. Liache lilale usiku kucha, asubuhi shemeji asimame nyuma, wewe uwashe. Likitoa pumzi moja ya bluu kisha likaacha, hizo ni sili za valvu, nazo hazina kesi na Jumamosi yako. Likifuka kila unapopandisha mlima na mzigo, hapo ringi zinaanza kushukiwa. Lakini likiwaka safi, likakaa linanguruma tu uani, kisha baada ya dakika kadhaa likaanza kufuka, na ukikanyaga ghafla likatema wingu, mtani, huo ni ugonjwa wangu. Chukua tochi, ulale chini upande wa dereva, uutazame mpira likiwa bado na joto. Usiuguse, chuma cha pale kinaunguza ngozi.

Kabla hujatoa hukumu juu ya turbo yenyewe, subiri ipoe, vua mpira wa hewa ulio mbele yake, utikise kwa kidole kichwa cha shafti chenye mapanga ya feni. Kucheza kidogo juu na chini ni kawaida. Kikienda mbele na nyuma, au mapanga yakikwaruza ukuta, hapo huyo fundi wako ana haki ya kusikilizwa. Ukikuta ukungu wa oili ndani ya mpira usishtuke. Ukikuta kidimbwi, shtuka.

Na usiendelee kulitembeza likiwa hivyo. Oili inapungua huku wewe unaangalia kioo cha nyuma, na katalisti, kile kichujio cha moshi ndani ya ekzosi, haipendi kunyweshwa oili. Hilo la petroli angalau ufunguo ukilizima linazimika. Jirani yako mwenye Prado la dizeli mwambie lake likianza kumwaga oili kwenye njia ya hewa asilichezee: dizeli inaweza kunywa oili yake yenyewe kama mafuta, ikapandisha mizunguko peke yake, na hata ufunguo uutoe haisikii. Mpaka uinyime hewa.

Jambo moja lilinitia hofu bure. Siku niliyofunga mpira wenye kona, niliwasha, moshi bado upo! Nilikaa kwenye ngazi nimeshika kichwa. Kumbe oili ya wiki tatu ilikuwa imejaa ndani ya ekzosi, na ilihitaji moto wa safari kuungua. Nilishika barabara ya Morogoro mpaka Mlandizi na kurudi, magari ya nyuma yananipigia honi, na nilipofika Kibaha wakati wa kurudi kwenye kioo cha nyuma moshi ulikuwa umekwisha.

Jana nilipita Gerezani. Mpira wenye kona upo, nimemwambia kijana auweke pembeni hadi Jumamosi. Nitumie picha ya wako leo jioni. Ukiwa umejikunja, nautuma kwa basi la usiku. Hela ya kifurushi utalipa wewe.

Msalimie shemeji, mwambie asisimame karibu sana na ekzosi.

Mpare wako