Baridi nayo ni suala la usalama barabarani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo sisi tunaoendesha pikipiki katika Nyanda za Juu Kusini tunalifahamu vizuri, ila sijawahi kulisikia likitajwa kwenye vipaza sauti vya Wiki ya Nenda kwa Usalama. Kila mwaka tunakumbushwa kuvaa kofia ngumu, kupunguza mwendo, kuacha pombe na kutobeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, na yote hayo ni sawa kabisa. Baridi haimo. Ukisikiliza kwa makini unaweza kudhani mafunzo hayo yaliandaliwa na mtu aliyekaa Dar es Salaam akijipepea.

Mwezi Julai mwaka huu tuliondoka Uyole marafiki wanne, kila mmoja na pikipiki yake, tatu za CC 125 na moja ya CC 150. Tulikusudia kuiacha barabara kuu kwa siku mbili: tuingilie Isyonje, tupande hadi Kikondo, tuukate uwanda wa Kitulo, tulale Matamba, kisha Jumapili tushuke Chimala kwa ile barabara ya kona hamsini na saba na kurudi nyumbani kwa lami kupitia Igurusi. Wapo waliotuuliza kwa nini twende Kitulo Julai, ilhali maua yaliyoipatia sehemu hiyo jina la Bustani ya Mungu huchanua wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Jibu ni barabara yenyewe. Udongo wa milimani ukilowa, pikipiki ndogo huteleza kama sabuni kwenye beseni, lakini Julai unakula vumbi tu na unafika. Vumbi tulilitarajia, na baridi tuliitarajia pia, ila tuliichukulia kama kero tu. Kwamba ni hatari, hilo halikutupitia akilini.

Saa moja na nusu asubuhi, tulipofika maeneo ya Kikondo, sakitu, yaani umande ulioganda, ilikuwa bado imetanda juu ya matuta ya viazi, nyeupe kama chumvi iliyomwagwa, na ng'ombe waliokuwa wakivushwa barabara walikuwa wakitoa mvuke puani. Nilikuwa nimevaa sweta mbili na koti. Kifuani, kwa ushauri wa mzee mmoja wa Uyole, nilikuwa nimetandika kurasa za toleo lako la Ijumaa, nami naomba radhi kwa matumizi hayo, ingawa nakuhakikishia kwamba gazeti huzuia upepo kuliko sweta yoyote. Pumzi ilikuwa ikiganda ukungu kwenye kioo cha kofia. Nikikifungua, macho yanatoka machozi, nikikifunga, sioni. Mikononi nilikuwa na glovu nyembamba za pamba, zile ambazo mtu huvaa akipalilia.

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii, kwa hiyo naomba nikae kidogo. Chukua hewa ya nyuzijoto 5, ambayo si ajabu kule asubuhi ya Julai. Mtu aliyesimama mlangoni kwake ataona ni baridi tu ya kawaida. Akipanda pikipiki akaenda kilometa 50 kwa saa, upepo anaokutana nao huinyang'anya ngozi iliyo wazi joto kana kwamba hewa imeshuka hadi nyuzi 1 chini ya sifuri, na hali hiyo haimgusi kwa dakika moja bali kwa saa nzima ya safari. Mwili ukiona hivyo huulinda kwanza moyo na mapafu, yaani huivuta damu kutoka vidoleni na kuirudisha ndani. Vidole hufa ganzi. Na vidole hivyohivyo ndivyo vinavyoshika mafuta na breki ya mbele kwa mkono wa kulia, na klachi kwa mkono wa kushoto. Breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuisimamisha pikipiki, kwa hiyo mtu aliyekufa ganzi vidole anaendesha chombo ambacho breki yake kubwa imekatika, tofauti ikiwa kwamba fundi akiikagua ataikuta nzima.

Mwenzetu mmoja ndiye aliyetufundisha somo hilo. Baada ya Kikondo, kwenye mteremko wenye kona ya kushoto, alikutana na lori la viazi likipanda katikati ya barabara. Aliliona mapema. Hakuwa katika mwendo mkali, alikuwa na kofia ngumu, na tangu juzi yake alikuwa hajanywa chochote zaidi ya chai. Alitaka kushika breki, vidole vikaugusa mkono wa breki, havikukunja. Kwa hofu akaikanyaga ya mguu kwa nguvu zote, gurudumu la nyuma likajifunga na kuteleza juu ya changarawe, naye akalala na pikipiki mferejini. Alipona na mchubuko wa goti, indiketa moja ikavunjika, na mkono wa breki ukapinda. Kama angeumia vibaya na ajali ikaandikwa, ingeandikwa mwendokasi au uzembe, na hakuna ambaye angefikiria kuuliza vidole vyake vilikuwaje.

Tulipokuwa tukimwinua alisimama bodaboda wa makamo, amefunga gunia la viazi nyuma, koti amelivaa kinyumenyume ili zipu ikae mgongoni na upepo usipate pa kupenyea, na juu ya glovu zake amevaa mifuko ya plastiki iliyokazwa kwa mpira vifundoni. Mwenzetu alikuwa tayari ameinama kuipasha mikono yake kwenye injini. Yule bwana alimshika bega na kumvuta.

“Acha injini, mdogo wangu. Mkono uliokufa ganzi hausikii moto, utakuja kustuka ngozi imebaki pale. Weka kwapani.”

Akaweka kwapani. Ilichukua karibu robo saa, na vidole vilipoanza kurudi vilimuuma kiasi cha kumtoa machozi, jambo ambalo yule bwana alilipokea kwa furaha kubwa, akisema sasa ni vizima. Kisha aliligusa koti la ngozi la mwenzetu mwingine kwa vidole viwili na kuuliza kama ni la kupigia picha.

Nilimuuliza yeye hufanyaje kila siku. Alisema huanza kazi saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu wafanyabiashara wanaowahi malori hawangoji jua, na mgonjwa wa zahanati hachagui saa. Mara nyingine abiria wake ni mama mwenye mtoto mgongoni, aliyejifunika kitenge kimoja, anayekaa katika upepo uleule bila usukani wa kumshughulisha. Sisi wanne tulikwenda Kitulo kwa hiari yetu, na mtu anaweza kusema tulijitakia. Bodaboda wa Makete, wa Mporoto na wa Njombe hakujitakia. Hoja ya kwamba wenyeji wamezoea nimeisikia mara nyingi, hata kwa watu wa Mbeya ambao wangepaswa kujua zaidi. Mazoea humfanya mtu asilalamike, lakini hayamrudishii damu vidoleni.

Usiku tulilala Matamba. Rafiki mmoja aliomba aingiziwe jiko la mkaa chumbani. Mama mwenye nyumba ya wageni alimkatalia katakata akampa blanketi la tatu, na alifanya vyema, kwa maana hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu usingizini bila harufu ya kuwaamsha. Mwingine alipendekeza kipimo cha pombe kali cha kupasha mwili. Kwa faida ya wasomaji wenye imani hiyo, pombe hupeleka damu kwenye ngozi, ndiyo maana mnywaji huhisi joto, na joto hilohilo ndilo linalomtoka na kupotea. Tulikunywa uji.

Jumapili hatukutoka mpaka saa nne, jua likiwa limepanda. Injini zenye kabureta zilihitaji choki na subira. Kwenye kona hamsini na saba tulishuka kwa gia ya pili, mahali pengine ya kwanza, tukiiachia injini ituzuie badala ya kuzichosha breki, na kila baada ya kona kumi hivi tulisimama tukapumzisha mikono. Ni kazi inayotaka vidole vilivyo hai, maana upande mmoja ni mlima na upande wa pili unaliona bonde la Usangu chini kabisa kama mkeka. Kufika Chimala tulivua makoti na sweta mojamoja mbele ya mama ntilie, na watoto wakatuzunguka kutazama nguo zisizoisha.

Ninachoomba si jambo la gharama. Wanaofundisha na kutahini waendesha pikipiki katika mikoa ya baridi waongeze somo moja: dalili za mikono kufa ganzi, wakati wa kusimama, na namna ya kuipasha mikono salama. Asiyeweza kufunga zipu yake mwenyewe hafai kuendesha kwa wakati huo, na hicho ni kipimo ambacho hakihitaji kifaa. Viongozi wa vijiwe vya bodaboda wahesabu glovu nene pamoja na kofia ngumu. Pale Mwanjelwa zinapatikana kwenye mitumba, na ni vizuri kuchagua zinazopwaya kidogo, kwa kuwa zinazobana huzuia damu ileile tunayoitafuta. Na abiria apewe kitu cha kujifunika, hata kama ni koti kuukuu la dereva.

Na Wiki ya Nenda kwa Usalama ikija huku kwetu, mzungumzaji mmoja awe bodaboda wa milimani. Yule bwana wa Kikondo yuko tayari, nimeshamuuliza. Namba yake nimeihifadhi kwenye simu kwa jina la Kwapani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wako,
Uyole, Mbeya