Barua kwa Mwanahawa: tenki, boya na bodi ya shule

Shoga yangu Mwanahawa,

Habari za Tanga? Huku Morogoro wazima, mvua tu. Kusahihisha mitihani ndiko kulikonimeza. Mama Rehema anakusalimu, la vitenge hajasema kitu.

Haya, ile klabu ya roboti ninayoomba kuanzisha shuleni. Mkuu wangu hakatai, ndiyo balaa lenyewe. "Wazo zuri, mwalimu," kisha anauliza itaongeza ufaulu wa Kidato cha Nne kiasi gani. Nikimwambia mwangwi na umeme vimo kwenye silabasi, ananielekeza kwa mwalimu wa taaluma, naye anasema watoto wataacha vitabu.

Kilichonifungulia mlango ni tenki. Pampu ikisahauliwa, maji yanamwagika hadi bustanini na uniti za umeme wa LUKU zinateketea. Watoto wakafunga kihisi juu ya tenki, kile kinachotoa mlio tusiousikia na kupima muda wa mwangwi kurudi, wakakiunganisha na Arduino, kile kikompyuta kidogo cha kuongozea vifaa. Maji yakikaribia juu, king'ora kinalia ofisini kwa mhasibu. Kwake, makusudi! Sasa yeye ndiye anayenipigia debe, na Alhamisi nimepewa nafasi mbele ya bodi.

Ila yule mzee wa mabomba kwenye bodi atauliza: kwa nini msinunue boya, ile swichi inayoelea na kuwasha au kuzima pampu? Na ana haki, boya ni rahisi na halisumbuliwi na mvuke. Kihisi chetu kikilowa, tenki tupu linasoma limejaa.

Nimepata pa kushika. Binti mmoja wa Kidato cha Pili, mkimya yule, amekuwa akinakili vipimo vya usiku kwenye daftari. Saa nane, bweni zima limelala, maji yanashuka. Vyoo vinavuja! Boya lingenyamaza, lingewasha pampu tu. Nataka asimame yeye na daftari lake, mimi nikae pembeni. Sijui kama mwalimu wa taaluma atamruhusu kukosa kipindi, maana yule...

Sasa niambie. Ulipomwandikia mkuu wako uliomba hela moja kwa moja, au ulianza na chumba tu? Ufunguo wa stoo anashika nani? Wazazi mliwachangisha? Zile betri za laptopu mbovu mnazihifadhi wapi zisije zikashika moto? Na kile kihisi chenu kisichoingia maji, unaweza kunitumia kwa basi kabla ya Alhamisi, nikurudishie kikao kikiisha? Mtoto ameshaanza kutembea?

Wako,
Zuhura