Dhahabu haipimwi kwa kung'ara, wahubiri wetu tusikieni

Mhariri, salamu kwako na kwa wenzako hapo gazetini. Naomba kinafasi japo kwenye kona, nna jambo limenikaa kooni toka Jumapili ya juzi.

Tulikuwa ibadani, sitaji kanisa gani maana Wakristo wa Unguja hii tunajuana hadi mlango wa nyuma, mhubiri kasimama anasema mgeukie mwenzako mwambie wewe ni dhahabu, mwaka huu utang'ara! Watu makofi, mie pia nikapiga, lakini moyoni nasema huyu ndugu hajawahi kukaa kwa sonara hata dakika kumi. Saa nzima ni kung'ara kung'ara kung'ara. Mhariri, hata kifuniko cha soda kinang'ara. Na sisi wa hapa ndo tungekuwa wa mwisho kudanganyika na mng'aro, maana enzi za biashara ya watumwa kisiwani humu watu walipakwa mafuta ya nazi kabla ya kupelekwa sokoni ili wang'are wapate bei. Soko lilifungwa 1873 na kanisa kuu la Mkunazini likajengwa papo hapo, tunaingia kila leo, tunapita tu.

Sasa mie kwa sonara nimekaa. Mama yangu alipofariki aliacha bangili moja nene na jozi ya herini ndogo. Bangili tuliigombania ndugu watatu mpaka wengine wakanuniana, herini hakuna aliezitaka, zimeshika uchafu hata rangi yake huijui. Mwisho vyote vikaja kwangu kwa vile mie ndo nilomuuguza. Shida iliponibana nikavifunga kwenye ncha ya kanga nikenda Mkunazini kwa mzee mmoja fundi wa siku nyingi.

Kaipokea bangili hata hakuitazama, kaipima mkononi tu, juu chini juu chini, kisha akaguna. Nikajua mambo hayo! Akatoa jiwe lake jeusi, kasugua bangili pale, pakabaki mstari wa manjano mzuri. Akachovya kijiti kwenye tindikali akadondosha. Mstari haukwenda popote. Mie nikashusha pumzi, nishaanza kupiga hesabu ya pesa. Yule mzee kimya. Kachukua tupa, kaikwaruza bangili kwa ndani mpaka pakaingia kijishimo, akasugua tena palepale penye kijishimo. Tindikali ilipogusa pakatoka povu la kijani, na mstari ukapotea mbele ya macho yangu kama hapajawahi kuwa na kitu.

"Bi mkubwa," akasema, "hii kuvaa imevaa dhahabu. Yenyewe shaba."

Nikamuuliza mbona mara ya kwanza imepita? Akacheka, akasema, "Mara ya kwanza niliiuliza ngozi yake tu." Zile herini alizisugua mara moja tu, tindikali mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mstari upo palepale. Karati 22.

Kumbe lile la kupima mkononi lilikuwa limeshamaliza kila kitu. Dhahabu ina uzito wa mara 19 na zaidi ya maji, yaani ukichukua ile chupa ya mafuta ya lita moja ukaijaza dhahabu unanyanyua kilo 19 na ushee, na shaba haifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo cha kuchovya kinaweza kudanganya jicho lakini kiganja cha mzoefu hakikidanganyi. Na mie nafikiri ndo maana Biblia haisemi Mungu anawatazama watu tu, Danieli 5 mle mfalme Belshaza anaambiwa amepimwa kwenye mizani akaonekana amepunguka. Mizani, sio kioo.

Hapa nijiseme mwenyewe kabla sijasemwa. Wakati huo huo naenda kuuza bangili mie ndo nilikuwa mshika mfuko wa akina mama wa jumuiya yetu, na ndani ya mfuko nilikuwa nimechota laki mbili na nusu. Sikuiba, au ndo nilivyokuwa najiambia, nilikopa bila kumwambia mtu, na Jumapili nasimama mbele naongoza sala nguo nyeupe pee. Mzee anasema "yenyewe shaba" mie naona ananisema mimi. Sijui aliuona uso wangu vipi, akanitilia chai.

Mwanangu anasomea kemia, nilipomsimulia akaniambia mama hata dhahabu safi ina inaloliogopa. Tindikali moja peke yake haiiwezi, ya pili peke yake haiiwezi, lakini zile mbili, ya naitriki na ya haidrokloriki, ukizichanganya dhahabu inayeyuka kama sukari kwenye chai. Nilikaa na hilo wiki nzima. Maana shida peke yake haikunitia mkono mfukoni, nilishakuwa na shida miaka na miaka. Na siri peke yake haikunifanya kitu. Zilipokutana shida na siri ndo nikayeyuka.

Lakini akanipa na hadithi ya pili, na hii ndo naomba mhariri usiikate. Mwaka 1940 Wajerumani walipoingia Copenhagen kule Denmark kulikuwa na mwanasayansi anaitwa George de Hevesy, kawekewa pale medali mbili za dhahabu za tuzo ya Nobel, za wenzie Max von Laue na James Franck, na zikikamatwa ni hatari kwa wenyewe. Akaziyeyusha kwenye mchanganyiko huohuo, ikabaki chupa ya maji ya rangi rangi kwenye rafu na wale askari wakapekua wakaiacha. Vita vilipokwisha akaikuta chupa ipo, dhahabu ikatolewa mle majini, ikarudishwa Sweden wakafua medali upya. Yaani miaka yote ile ndani ya chupa ilikuwa dhahabu tu, haikugeuka kitu chengine! Mie nililia kwa habari ya kemia, mtoto akanishangaa.

Pesa nilizirudisha kwa kuuza herini, zikapungua kidogo nikajazia na biashara ya mandazi, na nikawaambia akina mama kwa mdomo wangu. Wengine mpaka leo hawanisemeshi vizuri, sawa, wana haki yao.

Na hili la mwisho nalo wahubiri hawalisemi kabisa, dhahabu ni laini. Ile safi kabisa unaweza kuikunja, gramu moja tu mafundi wanaifua mpaka inatanda karibu mita moja ya mraba bila kupasuka. Sisi tunadhani Mkristo wa dhahabu ni yule mgumu, hakosolewi, akiambiwa neno dogo kahama kanisa. Huyo ni chuma cha kusubu huyo, ukimpiga nyundo moja vipande viwili. Someni Kutoka, dhahabu za masikioni zilezile za Waisraeli ziliyeyushwa wakatoka na ndama wa kuabudu, tena Haruni alietengeneza anajitetea ati mie nilitupa motoni tu akatoka ndama, jamani! Lakini kinara cha taa cha hema ya Mungu, talanta nzima ya dhahabu safi, zaidi ya kilo 30, hakikuruhusiwa kumiminwa wala kuungwa vipande. Kiliamriwa kifuliwe kwa nyundo, kigongwe mpaka kitoke shina na matawi na maua yake. Ndama katoka upesi, kinara kimekula nyundo.

Bangili nnayo, bado naivaa, upande wenye ule mkwaruzo wa tupa nauweka juu.

Kwa wahubiri wetu ombi langu ni dogo. Kabla hamjatwambia tena sisi ni dhahabu, nendeni mkakae kwenye baraza la sonara yeyote hapo mjini mumtazame anavyofanya. Nendeni asubuhi, maana adhuhuri anafunga duka kwenda kuswali, na msiende na mikono mitupu, mzee anapenda kashata.

Mama wa Jumuiya,
Tomondo, Unguja