Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: "Na huyu naye?"

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Pasua hapa Moshi, na ninamlea mdogo wangu wa kike mwenye skizofrenia. Huu ni mwaka wa 9 nampeleka kliniki ya akili kila mwezi kuchoma sindano yake. Maswali ya pale nimeshayakariri: Analala? Anakula? Bado anasikia sauti? Vidonge anameza au anaficha chini ya godoro? Ni maswali mazuri. Ila katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza kama ana mwanaume.

Anaye. Ana miaka 31, na akiwa na nafuu anajipaka mafuta, anafunga kitenge, anashika njia ya soko la Mbuyuni kama mwanamke mwingine yeyote. Siku moja niliomba apimwe VVU, katika kituo ambacho sitakitaja. Mhudumu alimtazama yeye, akanitazama mimi, akacheka. "Na huyu naye?"

Tukishasema mtu karukwa na akili, tunadhani na mwili nao umemruka. Kumbe watu hawa ndio walio hatarini zaidi. Utafiti uliofanywa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ya Uganda, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta VVU kwa asilimia 11.3 ya wagonjwa waliopimwa, kiwango kilichopita kile cha watu wazima wa nchi hiyo kwa ujumla. Wanawake walikuwa nacho zaidi ya wanaume. Kwetu, utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulipata asilimia 4.4 kwa wenye miaka 15 na kuendelea, lakini ule ulipita kaya kwa kaya. Anayelala kwenye vibaraza vya stendi hana mlango wa kubishiwa hodi.

Sababu zake sisi walezi tunaziona kwa macho. Ugonjwa ukipanda, mtu halali, pesa anagawa, mwili unachemka, na habari ya kondomu haimo kabisa. Ukishuka, anamfuata yeyote anayemwita kwa jina lake bila kumcheka. Na wapo wanaolijua hilo vizuri sana. Sahani ya chipsi, soda baridi, kisha chumba. Mtaani kila mtu anawajua, na bado tunawasalimia.

Mwaka jana, wakati wa masika, alitoka usiku. Tulimtafuta stendi, Kiboriloni, mpaka Himo. Siku ya tatu alfajiri alirudi mwenyewe, amejifunga kanga isiyo yake. Mama akamwogesha, akampikia uji, tukamlaza. Jioni mchungaji akaja kuomba. (Simlaumu mchungaji, sisi wenyewe hatukumwambia yote.) Siku mbili baadaye jirani yetu, muuguzi mstaafu, akaniuliza kama tulimpeleka kupata PEP, dawa ya kuzuia maambukizi, ya siku 28, ambayo ni lazima ianzwe ndani ya saa 72. Ndiyo kwanza nasikia. Saa zenyewe tulikuwa tumeshazimaliza nyumbani. Alipimwa, akarudiwa baada ya miezi mitatu, hana. Tuliponea chupuchupu.

Miaka 9 ya kliniki, na hizo saa 72 nimezijulia uani kwa jirani! Nyuma ya kadi yake ya kliniki pako wazi, hapajaandikwa kitu. Nakuomba, Daktari, pachapishwe maneno hayo tu: akipotea au akiingiliwa, mleteni kabla ya saa 72, hata usiku.

Ombi langu kubwa ni kwamba kipimo kimfuate kwenye sindano. Pale tunapokwenda, kliniki ya akili na CTC, yaani kliniki ya wenye VVU, ziko ndani ya uzio mmoja, lakini kila moja ina foleni yake. Foleni ya kwanza mdogo wangu anaivumilia. Ya pili anainuka na kuondoka, na nikimshika mkono watu wanasema nampiga. Mhudumu mmoja aliyefunzwa, chumba chenye pazia, siku ileile ya sindano: apime, atoe kondomu, aulize habari za mapenzi bila kucheka.

Tumewahi kuambiwa kwamba hawezi kupimwa kwa kuwa hana akili za kuridhia. Sheria ya UKIMWI ya 2008 haikuwasahau watu kama yeye: asiyeweza kuelewa majibu anaweza kupimwa kwa ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi anayetambulika. Hata hivyo ugonjwa huu huja na kuondoka. Siku 25 za mwezi anaelewa kuliko mimi. Siku hizo aulizwe yeye.

Halafu kuna jambo la madaktari wenyewe. Kabamazepini, wanayopewa wengi wenye kifafa au hisia za kupanda na kushuka, hupunguza dolutegravir, dawa ya kufubaza VVU, mwilini, na dolutegravir ndiyo iliyo ndani ya kile kidonge kimoja cha wengi wa CTC. Anayemeza zote mbili huhitaji dolutegravir miligramu 50 asubuhi na 50 jioni. Daktari wa akili asipojua kinachoandikwa CTC, virusi huenda visifubae, na mtu ambaye asingemwambukiza mwenzake anaweza kumwambukiza huku dawa anameza kila siku.

PrEP nayo, dawa ya kinga kwa asiye na VVU kabla hajakutana na virusi, wafikiriwe. Vidonge vya kila siku najua vitaishia chini ya godoro, lakini sindano hawa wameshaizoea. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lenakapavir, sindano ya kinga inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Ikifika Kilimanjaro, wasiwekwe mwisho wa orodha.

Barua hii nimemsomea mdogo wangu kabla ya kuituma. Amenifutisha sehemu mbili. Ile ya kanga amesema ibaki. Tarehe yetu ni Jumanne ya kwanza ya mwezi, na saa mbili asubuhi huwa tumeshakaa kwenye benchi. Amesema kama mtaleta hicho kipimo, msinipigie simu mimi. Mwiteni yeye, kwa jina lake.

Mlezi,
Pasua, Moshi