Presha za wazee wetu na kumbukumbu zao

Mhariri, naomba nafasi niongelee hili la wazee kupoteza kumbukumbu, maana huku kwetu Mbeya mzee akianza kupotea njia ya kurudi nyumbani utasikia ni uzee tu huo, au karogwa, basi imeisha hapo hapo, hakuna anayeuliza presha yake ikoje.

Ubongo ni kama 2% tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu 20% ya oksijeni yote, sasa presha ikikaa juu miaka na miaka vile vimishipa vidogo vya kichwani vinakakamaa na kuziba, ubongo unaumia kidogo kidogo bila mtu hata kuanguka. Bibi yangu wa Tukuyu dawa ya presha alikuwa anameza kichwa kikimuuma tu, akijisikia vizuri anaacha, mpaka ikafika anakuwa ananiita jina la marehemu kaka yake. Inauma sana. Na utafiti wa SPRINT MIND wa Marekani, majibu yalitoka 2019, ulionyesha waliotibiwa ili ile namba ya juu kwenye kipimo cha presha ishuke chini ya 120 badala ya 140 walipata dalili za mwanzo za kusahau pungufu kwa karibu 19%.

Ombi langu halmashauri walete vipimo vya presha Mwanjelwa sokoni, Uyole, hata makanisani jumapili, wapime kuanzia miaka 40 wasisubiri mtu azeeke, na zahanati za vijijini zisikaukiwe dawa. Na sisi tulioko mjini tukipiga simu nyumbani tuulize, mama, dawa ya presha leo umekunywa?

Mjukuu, Uyole, Mbeya