Majina ya Shida na Tabu yamekosa nini?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niliseme hili manake limenikaa rohoni siku nyingi. Siku hizi ukifungua simu, ukiwasha redio, ukipita hata stendi, kuna mahubiri yanawaambia watu wenye majina kama Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko na Mateso kwamba hayo majina ndo yamewafunga, ndo maana hawaolewi, ndo maana biashara hazisogei, na dawa yake ni kubadili jina na kuombewa. Na watu wanabadili kweli. Mi napinga kabisa, na napinga kwasababu hao wanaosema hivyo hawajamuuliza mtu hata mmoja jina lake lilitoka wapi.

Wazee wetu walikuwa wanampa mtoto jina kutokana na kilichokuwepo siku anazaliwa. Kwetu Usukumani aliyezaliwa kipindi cha mvua ni Mabula, wa kipindi cha njaa ni Nzala, aliyetanguliza miguu ni Kashinje, mapacha ni Kulwa na Doto na anayewafuata ni Shija, yani ukisikia tu jina unajua nyumba ile ilipitia nini. Wajaluo vilevile, wa Rorya na wa Kenya, Otieno ni wa usiku, Okoth ni wa mvua. Pwani kuna kina Chausiku, Hamisi, Ramadhani, Mwanaidi. Sasa mbona Chausiku haambiwi maisha yake yatakuwa giza? Jina ni kumbukumbu ya siku, mtoto hakuandikiwa adhabu.

Na kama jina la balaa linafunga mtu, basi tuanze na Nyerere. Kwa Kizanaki nyerere ni wale viwavi jeshi wanaomaliza mashamba, na baba yake Mwalimu, mzee Nyerere Burito, alipewa jina hilo kwasababu alizaliwa wakati viwavi wamevamia. Mwanae naye alipozaliwa 1922 akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, Julius likaja baadae sana kwenye ubatizo wa 1943. Huyo mwenye jina la viwavi ndo akaja kuongoza nchi kwenye uhuru, na leo jina lipo uwanja wa ndege na lipo bwawa la Rufiji. Na Rais wa awamu ya tano jina lake la pili lilikuwa Pombe, kwani lilimzuia kufika Ikulu?

Halafu kuna majina ambayo nikiyafikiria naumia jinsi tunavyoyatukana, ni yale yaliyotolewa na mama aliyezika watoto. Amezaa, amezika, amezaa tena, amezika tena, anayefuata anaogopa hata kumfurahia mbele za watu. Anampa jina baya makusudi, la takataka au la kutupwa, ili kifo kikipita kione hapa hakuna cha thamani. Wajaluo wana Owiti na Awiti, maana yake aliyetupwa, na zamani ilikuwa inafanyika kweli, mtoto anapelekwa analazwa njiani au jalalani, kuna mama ameshapangwa anapita pale kama hajui kitu, anamuokota, anarudi nae akisema jamani nimeokota mtoto, na mama mzazi anampokea kama wa kuokotwa. Kila mtu pale anajua mtoto ni wa nani. Niambieni kuna mapenzi gani zaidi ya hayo, mama anakubali mwanae aitwe wa kutupwa maisha yake yote, ilimradi abaki hai! Leo mtu kashika kipaza sauti anaiita hiyo laana.

Najua watanitajia Yabesi. Mi nawaomba wafungue Biblia wasome taratibu, 1 Mambo ya Nyakati sura ya 4 mstari wa 9 na wa 10. Mama yake alimpa jina hilo kwasababu alimzaa kwa huzuni, ni kweli, lakini mstari huohuo unaanza kwa kusema alikuwa mwenye heshima kuliko ndugu zake. Akaomba, Mungu akampa alichoomba, na hakuna mahali pameandikwa kwamba alibadilishwa jina. Alibarikiwa akiwa Yabesi. Ndugu zangu Waislamu nao mafundisho yao ni mtoto apewe jina jema, na Mtume alimbadilisha mwanamke aliyekuwa anaitwa mwasi akamwita Jamila, hilo sina ubishi nalo, ila kumwita mtu mwasi ni kumtuhumu na Tabu hamtuhumu mtu yeyote.

Nayasema haya kwasababu yametufika nyumbani. Mtoto wa dada yangu alirithi jina la Tabu kwa bibi yake, na bibi aliitwa hivyo kwasababu alizaliwa mwaka wa njaa. Huyo bibi Tabu kakaanga vitumbua miaka na miaka, kasomesha watoto wote, mjukuu mwenyewe ada yake imetoka kwenye kikaango kile. Binti kaambiwa jina lina mkosi, kabadili. Sasa vyeti vya shule vina jina la zamani, kitambulisho kina jipya, kila akipata kazi anarudishwa kwenye viapo vya wakili, na hela yote anatafuta mwenyewe, waliomshauri hawapo. Ila kilichoniuma mi ni bibi. Aliposikia akauliza, kwani mi ndo nimemroga? Mwanamke wa umri ule, anaambiwa jina lake ni mkosi kwa damu yake mwenyewe!

Mtu mzima akiona jina linamkera, wenzake wanamcheka kazini, sheria inamruhusu kulibadili na simzuii. Ila amuulize kwanza mama, bibi, shangazi, yeyote aliyekuwepo, akishajua ndo aamue. Na wewe mhariri nakuomba utenge hata kona moja kila wiki wazee wa wilaya mbalimbali waeleze majina ya kwao na sababu zake, manake wanaojua wanazidi kupungua. Ya Kisukuma mi nipo tayari kuanza kuwaletea hata wiki ijayo.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Shinyanga